Pakata Mtoto

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi tisa, na tangu tupande daladala la Posta amekalia kiti cha dirishani kama mtu aliyelipa. Miguu yake haifiki hata ukingoni mwa kiti. Mkononi ana nusu andazi. Nusu ya pili iko kwenye suruali yangu. Konda anachungulia ndani, anahesabu vichwa, jicho linatua kwetu.

"Mzee, pakata mtoto, watu wakae."

Nampakata. Anaangua kilio, si cha maumivu, ni cha mtu aliyenyang'anywa kiwanja chenye hati. Mama mmoja wa kiti cha nyuma ananiuliza, "Mama yake yuko wapi?" Sijajibu, mwingine kadakia: "Na kofia je? Kichwa wazi hivyo asubuhi yote hii?" Wa tatu, mwenye kapu miguuni, hasemi neno. Anachomoa ndizi mbivu, anaimenya nusu, anamnyooshea mtoto. Kilio kinakatika kama redio iliyokatikiwa umeme.

Gari lilikuwa bado halijaondoka kituoni, lakini matembezi yetu yalikuwa yameshaanza. Hilo nilichelewa sana kulijua.

Mama yake ana masomo ya Jumamosi, na dada anayetusaidia nyumbani hupumzika siku hiyo. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri mtoto ni wangu. Mwezi wa kwanza tulikaa ndani, na nikajifunza kwamba chumba na sebule ni nchi ndogo mno kwa raia mwenye kimo cha goti. Kabati limeshafunguliwa, sufuria zimeshapigwa ngoma, rimoti imeshatumbukizwa kwenye ndoo ya maji, na ukitazama saa ni saa mbili na robo. Ndipo nikasema, mwanangu, vaa viatu tutoke.

Anakwenda tata

Kiswahili kina maneno yake kwa miguu ya mtoto. Kwanza hutambaa. Kisha hushika ukuta, huuachia, na nyumba nzima humpigia makofi, "Dede! Dede!", huku yeye akiyumba kama mnazi wa pwani. Kisha huenda tata: hatua mbili, tatu, mikono juu, halafu makalio chini. Siku miguu inapokaza, mtoto hana haja tena ya makofi yako. Anataka njia.

Shida ni kwamba njia yake na njia yako hazifanani. Kutoka kwetu hadi kituoni mimi hutembea dakika kumi. Nikiwa naye ni dakika arobaini. Tunasimama kwa paka aliyelala chini ya meza ya bucha. Tunasimama kwa siafu wanaovuka njia, na hapo lazima niwe mkali. Tunasimama penye bomba lililopasuka, maji yanabubujika kutoka ardhini kama chemchemi, na kwake hayo ni maajabu kuliko bahari. Tunasimama kwa fundi cherehani wa barazani, ambaye kanyagio lake linapanda na kushuka, na yeye huinama kulitazama mpaka fundi anaacha kazi na kumpa kitambaa kilichobaki. Kila mahali kuna wa kuamkiwa. "Mwamkie babu. Sema shikamoo." Yeye husema "'kamoo", huku akitazama kwingine, na anayeamkiwa huitikia marahaba ndefu kama vile ameletewa zawadi.

Jumamosi za mwanzo mambo haya yalinikera. Mimi nilikuwa ninakwenda mahali. Nilimpeleka Kijiji cha Makumbusho, hapo hapo jirani, kwenye zile nyumba za asili za makabila zilizojengwa kwa kimo chake halisi. Nilikuwa na mpango: aone msonge wa Wahaya, aingie kwenye tembe, ajue kwamba watu waliishi kabla ya bati. Nikalipa kiingilio, nikaanza kueleza. Yeye akaona mjusi. Saa nzima tulikaa nje ya nyumba ya kwanza tukimsubiri mjusi atoke tena kwenye ufa. Siku nyingine tukaenda mjini, kwenye Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, nikamwonyesha tausi aliyetandaza mkia. Akapiga kelele kwa furaha: "Kuku!" Nilitaka kumsahihisha, kisha nikakumbuka kwamba kisayansi tausi na kuku ni familia moja. Mtoto alikuwa ameona undugu mahali ambapo mimi niliona urembo tu.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba mwenye makosa katika matembezi yetu ni mimi. Mtoto wa tata hana aendako. Hatembei ili afike. Anatembea kwa sababu miguu imefunguka. Ukimvuta mkono kumkimbiza mahali ulikopanga wewe, unamkata katikati ya kazi.

Na kazi hiyo ina uzito hata kwa wataalamu. Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, za aina yoyote, zikitawanywa kutwa nzima. Asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, awe kwenye kigari au mgongoni mwa mlezi. Wa mwaka mmoja asikalishwe kabisa mbele ya skrini. Akifika miaka miwili isizidi saa moja, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Nilipousoma nilicheka peke yangu. Zile dakika thelathini zilizoongezeka kati ya nyumbani na kituoni, ambazo mimi niliziita kuchelewa, kumbe zimo kwenye dozi.

Mfuko na kanga

Mzazi mpya hudhani kutoka na mtoto kunahitaji mzigo wa kuhamia. Siku ya kwanza nilibeba begi la mgongoni ambalo konda alitaka kulitoza nauli. Leo mfuko wetu una pampasi mbili, nguo ya kubadili, chupa ya maji, uji kwenye chupa ndogo ya chai, ndizi, na kanga.

Kanga peke yake ni nusu ya mfuko. Jua likiwaka, ni mwavuli. Akilala, ni godoro. Akilowa, ni taulo. Akihitaji kubadilishwa mahali pasipo na faragha, ni pazia. Akichoka kutembea, ni mbeleko. Sijui kifaa kingine cha mtoto kinachofanya kazi tano, kisichotumia betri, na kinachokuja na methali yake.

Kigari cha mtoto tulipewa zawadi. Kinakaa juu ya kabati, na si kosa lake. Kigari kinataka njia, na njia ya waenda kwa miguu katika mitaa yetu ina meza ya chipsi, mtaro usiofunikwa, pikipiki iliyopanda kukwepa foleni, na gari lililoegeshwa pembeni na mtu ambaye naye amekosa pa kuegesha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wangapi kati yao wana kimo cha goti, na wapi tumewatengea mita hamsini za kutembea bila kushikwa mkono? Ukitaka mahali salama pa kucheza, utaelekezwa kwenye jengo la maduka, ghorofani, penye mipira ya plastiki na mashine za kubembea, unalipia kwa muda. Nimeshampeleka. Alifurahi. Lakini nilipotoka nilijiuliza ni lini uwanja wa mtoto umekuwa bidhaa.

Ndiyo maana sisi hutumia daladala. Desemba 2023 nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Nalipa 600 kwenda na 600 kurudi. Kutoka Posta tunatembea hadi Feri, tunavuka kwa pantoni hadi Kigamboni kwa shilingi 200, tunarudi kwa 200 nyingine. Jumla shilingi 1,600, na mwenzangu hasafirishwi kwa pesa. Yeye ni wa kupakatwa, na wa kupakatwa halipi.

Pantoni

Kutoka Posta ya Zamani tunashika Barabara ya Kivukoni, bahari mkono wa kulia. Hapo namwachia atembee. Asubuhi ya Jumamosi watu si wengi, na upepo wa bandarini unampa kichaa: anakimbia, anageuka kuona kama namfuata, anakimbia tena.

Feri unaisikia puani kabla hujaiona. Soko la samaki lililofunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani lina kanda zake, na mzazi mwenye mtoto anapaswa kuzijua. Upande wa wakaangaji, penye karai za mafuta na moshi wa kuni, sisi hatukanyagi. Upande wa mnada tunachungulia kwa mbali: samaki mezani, dalali anataja bei kwa kasi ya mashairi, watu wananyoosha vidole. Binti yangu hupenda pweza, ambaye humwita "mkono". Siku moja alipenda zaidi kisu cha kijana anayepaa samaki, akajilaza chini kwenye magamba akikililia. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Nadhani wahenga hao hawakuwa na zamu ya kumrudisha nyumbani kwa mama yake.

Hapo alijigaragaza hasa. Kila mzazi anaijua aibu ile: mtoto chini, sauti juu, na wewe umesimama kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Nilisubiri lawama. Badala yake yule kijana alifuta mikono, akachukua gamba kubwa la samaki, akalibandika kwenye ukucha wake wa kidole gumba na kulionyesha juani. Likang'aa. Mtoto akanyamaza kuliangalia. Naye akabandikiwa la kwake. Tuliondoka na gamba hilo hadi nyumbani, na harufu yake hadi Jumatatu.

Kwenye pantoni sheria yangu ni moja: hatukimbii. Lango likifunguliwa umati wote huchomoka, wenye ndoo, wenye baiskeli, wanafunzi, akina mama wenye mizigo kichwani, bajaji nyuma zikipiga honi. Mtoto wa tata si wa kuingizwa katika mkondo huo. Mimi humfunga mgongoni, nasimama pembeni ya nguzo, naacha mto upite, kisha tunaingia na wazee.

Mwanamume mwenye mtoto mgongoni kwa kanga bado ni sinema. Mabegani watu wamezoea: baba humpandisha mtoto juu ya mabega, kila mtu anaona ni sawa. Mgongoni ni habari nyingine. Mara ya kwanza vijana wa mikokoteni walinishangilia kama timu iliyofunga goli. "Baba mbeleko huyooo!" Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia aliwageukia. "Nyie," alisema, "mnadhani mlikuja hapa kwa miguu?" Wakacheka zaidi, lakini mmoja wao akaja kunikazia fundo. Alisema nimefunga chini mno, mtoto atateleza. Ana wadogo zake wanne, na wote amewabeba yeye.

Ndani, magari yanakaa chini na watu wanatafuta ukingo wa kutazama maji. Sisi hupanda juu, tunakaa katikati, mbali na ukingo, na kabla ya kukaa naangalia maboya ya kujiokolea yako wapi. Safari ni ya dakika chache, lakini kwa mtu wa miezi ishirini na moja ni bara jingine. Nyuma unaona vigae vyekundu vya kanisa la Azania Front na maghorofa yaliyolizidi kimo. Pembeni boti ya Zanzibar inageuka. Siku tukiwa na bahati, meli ya makontena inaingia langoni taratibu, kubwa kiasi kwamba kwa muda unadhani ni sisi tunaosogea na yenyewe imesimama.

"Meli," nilimwambia Jumamosi ya tatu.

Alikaa kimya. Tulipokuwa tunashuka, alinyoosha kidole kwa bajaji. "Meli." Mbuzi wa upande wa Kigamboni akawa meli. Beseni la nyumbani likawa meli, na mama yake alipomuuliza ametoka wapi, alilipiga beseni kwa viganja viwili na kusimulia safari nzima kwa neno hilo moja.

Ng'ambo hatuna kazi. Tunakaa kivulini, tunanunua dafu, nusu anakunywa na nusu anaoga, kisha tunapanga foleni ya kurudi. Rafiki yangu mwenye gari hunishangaa. Tangu Aprili 2016 lipo Daraja la Nyerere, mita 680, unapita bila kusubiri mtu. Ni kweli, na limewaondolea wengi adha. Lakini huwezi kumwonyesha mtoto daraja ukiwa juu yake. Pantoni unaliona linakuja, unaingia tumboni mwake, linakutapika upande wa pili. Hadithi zote za watoto zimejengwa hivyo.

Kutolewa nje

Bibi yake mtoto, mama mkwe wangu, alinisikiliza nikisimulia haya, akaniambia jambo lililonibadilisha mawazo. Mtoto wetu alipozaliwa, bibi alikaa nasi mpaka arobaini. Siku arobaini mama na mtoto ndani: maji ya moto, uji wa pilipili manga, wageni wachache. Siku ya arobaini mtoto akatolewa nje, akaoneshwa kwa majirani.

"Mlipomtoa," bibi aliniuliza, "mlimtoa akaone nini?"

Nikafikiri. Hakuona kitu. Alilala muda wote.

"Basi. Mtoto hatolewi aone. Hutolewa aonekane."

Nimelizungusha neno hilo kichwani wiki nyingi. Sisi wazazi wa sasa tumeligeuza jambo: tunamtoa mtoto akaone tausi, akaone msonge, akaone bahari, na tunarudi na picha kuthibitisha kwamba aliona. Bibi anasema matembezi ya kwanza ya mtu ni kujulishwa kwa watu. Fundi cherehani amjue. Muuza maandazi ajue huyu ni wa nyumba ipi, ili siku akitoka peke yake getini amrudishe. Mkono mmoja haulei mwana, tunasema, lakini mikono mingine itamjuaje kama hajawahi kupitishwa mbele yake?

Serikali nayo ina lugha yake kwa jambo hili. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inataja nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Hiyo ya tatu, malezi yenye mwitikio, maana yake ni kwamba mtoto akitoa ishara, mtu mzima aione na aijibu. Nilipofika hapo nikamkumbuka yule mama wa kapu. Hakuhudhuria semina. Aliona ishara, akamenya ndizi.

Sheria za paja

Kupakata mtoto wa mtu ni desturi ya daladala ambayo haijaandikwa popote na kila abiria anaijua. Ukikaa, na mbele yako amesimama mtu mwenye mtoto, unanyoosha mikono. "Nipe nikupakatie." Hujamjua, hajakujua. Atakupa.

Ina masharti yake. Anayetoa haondoi jicho. Anashika bomba la juu, lakini macho yako chini. Anayepokea hambusu mtoto, hamlishi kitu bila kuuliza, hamuulizi anakaa wapi. Hilo la ndizi nilishamwambia bibi, akaniuliza, "Ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. "Basi aliuliza kwa macho." Na mzazi anaruhusiwa kukataa. "Ahsante mama, analilia kwangu," na hakuna anayenuna. Kumwamini mtu ndani ya gari lililojaa macho si sawa na kumwamini uchochoroni, na mtoto wetu tutamfundisha tofauti hiyo akishaweza kuielewa.

Paja lina mipaka mingine pia. Katika gari dogo linalokimbia, paja si kiti: likigonga, hakuna mikono ya baba iliyo na nguvu za kumshika mtoto, na kumkalisha mbele kwa dereva ni kumweka pabaya kuliko pote. Anayemiliki gari anunue kiti cha mtoto kabla ya redio. Bodaboda ndiyo sizungumzi. Tumekubaliana nyumbani, hata mvua inyeshe vipi.

Lakini ninachokihofia zaidi ni kingine. Paja limepata mpangaji mpya. Siku hizi ukiingia kwenye daladala unakuta mapaja yote yamekaliwa na simu, na vichwa vimeinama. Mama anasimama na mtoto vituo vitatu, si kwa sababu watu wamekuwa wabaya, ila hakuna aliyeinua macho. Mimi mwenyewe nimo. Kabla sijawa na mtoto wa kusimama naye, sikumbuki kupakata wa mtu hata mmoja.

Kurudi

Jumamosi moja ya pantoni tulichelewa. Ilikuwa karibu saa saba, jua limesimama, gari la kurudi limejaa hadi ngazini. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mtoto begani, mfuko kwenye kiwiko, mkono mmoja juu. Alikuwa amechoka ule uchovu wa kulia bila machozi.

"Nipe huyo," ilisema sauti kutoka chini ya kwapa langu. Bibi mmoja, ushungi mweupe. Nikampa. Mtoto alimtazama, akatazama ushungi, akaushika pindo, akalala. Gari likazidi kujaa, mimi nikasukumwa mbele, watu wakaingia kati yetu. Nilinyoosha shingo kila kona. Kisha bibi akafika kituo chake. Nikaona anainuka, nikaanza kujipenyeza, lakini haikuwa lazima: alimgeukia dada wa kiti cha pili, akamshusha mtoto pajani mwake polepole bila kumwamsha, akasema kwa sauti ya gari zima, "Baba yake yule pale, mwenye shati la bluu, Makumbusho." Kisha akashuka.

Makumbusho nilimkuta kwenye paja la tatu, la mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa anakwenda masomo ya ziada, ameshikilia daftari kama kipepeo na kumpepea. Binti yangu alikuwa amevuka nusu ya mji, amelala, amepakatwa na watu watatu ambao hawatamkumbuka. Pampasi ilikuwa imevuja. Sketi ya mwanafunzi ilikuwa na alama. Niliomba radhi mara nne. Akasema, "Hakuna neno, baba," akaliweka daftari mbele ya sketi, akaendelea na safari.

Juzi, siku ya kazi, nilikuwa peke yangu kwenye daladala la asubuhi. Nina kiti, nina simu, nasoma ujumbe wa kazini usiokuwa na haraka yoyote. Pembeni ya goti langu kikatokea kiatu kidogo, chekundu, kimevaliwa mguu usio wake. Nikainua macho. Mama kijana, mkoba, mwavuli, na mvulana wa kama miaka miwili anayeteleza nyongani mwake.

Nikaitia simu mfukoni. "Nipe nikupakatie."

Alisita kidogo. "Amelowa, baba."

"Mlete tu," nikasema, nikanyoosha mikono.